Mzizi wa Kunyamazisha Kikohozi

Siku ninayoikumbuka kuliko siku zangu nyingine zote, mwanangu, ni asubuhi moja ya ukungu pale Makambako, Mwingereza angali akitutawala, nami nikiwa mke wa nyumba changa isiyotimiza miaka mitatu. Wanaume walikuwa wamepangwa mstari mbele ya kambi ya watu wa mkonge, vifua wazi, mashati mikononi, wakisubiri kupimwa kabla ya kupelekwa mashambani kule Tanga. Mume wangu Yeremia alikuwa katikati ya mstari ule. Mimi nilisimama nje ya uzio wa matete pamoja na wanawake wengine waliokuja kuwasindikiza waume zao, na ndani ya shuka niliyojitanda nilikuwa nimeficha kibuyu kidogo cha dawa niliyoichemsha kwa mikono yangu. Nilimwomba Mungu jambo moja tu: mume wangu asikohoe.

Hakukohoa. Mungu alinipa nilichoomba, na tangu siku hiyo naogopa kuomba.

Niruhusu nirudi nyuma kidogo, kwa sababu jambo hili halikuanzia Makambako. Tuliishi Mdandu. Yeremia alilima mahindi na viazi kama wenzake, na Jumapili aliimba sauti ya chini katika kwaya ya kanisa letu la Kilutheri. Sauti ile, mwanangu, ndiyo iliyonioa. Nilikuwa naketi upande wa wanawake, macho yamefumbwa kana kwamba nasali, kumbe natafuta sauti moja tu kati ya sauti kumi na mbili, na nikiipata nilikaa ndani yake kama mtu aliyeingia jikoni kutoka kwenye baridi.

Kikohozi kilimwingia katika msimu wa ile baridi yetu unayoijua, nyasi zinapoamka nyeupe kwa umande ulioganda na mtu akipumua anatoa moshi. Nani hakohoi Njombe mwezi wa sita? Hatukujali. Nilimpa asali ya porini kwa kijiko. Nilichemsha majani ya mkaratusi katika chungu kikubwa, nikamfunika blanketi akajifukiza mpaka akatoka mwekundu wa macho, akicheka na kusema nimempika kama kiazi. Nilimchua kifua kwa mafuta ya kondoo. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonitibu mimi, na ndivyo nilivyokuja kuwatibu wengine baadaye. Sina ugomvi na vitu hivyo hata leo. Usije ukatoka hapa ukasema bibi ametukana asali na mkaratusi.

Lakini baridi iliondoka, mahindi yakapandwa, mahindi yakachipua, na kikohozi kilikuwa bado kiko nyumbani kwetu kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Yeremia akaanza kuamka na shuka limelowa jasho. Suruali yake akaifunga kwa kamba ya katani. Kanisani, katikati ya wimbo, nilianza kusikia shimo mahali ambapo sauti yake ilipaswa kuwa. Mwalimu wa kwaya akamsogeza nyuma, kisha akamwambia apumzike hadi Krismasi.

Ndipo mwaka huo akasema anakwenda mkonge. Vijana wengi wa kwetu walikwenda. Waliitwa manamba, wakapewa blanketi na kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi, wakarudi baada ya mwaka au miwili na baiskeli, na koti, na maneno ya pwani. Yeremia alitaka aninunulie cherehani. Nisikudanganye: mimi ndiye niliyeitaka. Nilikuwa nimeiona Njombe mjini, barazani kwa fundi mmoja, nikasimama kuitazama hadi fundi akaniuliza kama nimeolewa nayo. Nilirudi nyumbani nikaisimulia cherehani ile wiki nzima. Mume anayempenda mkewe husikia mambo kama hayo kwa masikio mengine.

Alikwenda Makambako mara ya kwanza peke yake, akarudishwa. Dresa wa kambi, msaidizi wa daktari, alimsikiliza kifua, akampa karatasi aipeleke hospitali Njombe. Alirudi Mdandu kwa miguu, amechoka, na vijana waliokuwa wanakunywa ulanzi kando ya njia wakampokea kwa kelele.

"Kamwene, manamba! Mkonge umeshakwisha wote?"

"Ameukata kwa siku tatu huyu! Mwoneni mikono!"

"Siyo hivyo, wamempima wakakuta ni mzito mno kwa lori."

Alicheka nao. Alipoingia ndani aliketi kwenye kigoda akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu, halafu akaipachika kwenye matete ya dari, mahali tulipokuwa tunahifadhi mbegu.

Utauliza, kwa nini hamkwenda hospitali? Hilo ndilo swali ninalojiuliza nami kila siku. Si kwamba ilikuwa mbali. Ni hivi: siku zile, mtu aliyekwenda hospitali kwa ajili ya kifua alilazwa miezi, na kila mtu akajua. Na kwetu, ukoo ukija kuposa, kabla hawajauliza binti anajua kulima au la, waliuliza kama nyumba ile ina kifua, au ukoma, au wazimu. Tabita, mdogo wake Yeremia, alikuwa ameshaposwa na watu wa Lupembe. Mama mkwe wangu alituita pembeni akatuambia, kwa sauti ya kubembeleza, "Subirini Tabita aolewe. Mkitajwa kwa kifua sasa hivi, ataozea hapa jikoni." Basi tukasubiri. Tulimficha mgonjwa kama watu wanavyoficha mwizi.

Siku moja, nikiwa napalilia, lilinijia wazo ambalo nililiona kuwa la akili sana. Nilimkumbuka bibi yake Yeremia aliyeishi Kifanya, mama mzaa baba yake. Alikuwa maarufu kwa mizizi. Watu walimfuata kwa tumbo la kuhara, kwa meno, kwa wazazi waliokosa maziwa, kwa usingizi wa wazee. Hata mwinjilisti wetu, aliyehubiri dhidi ya waganga, alikuwa anamtuma mkewe kwake kwa njia ya nyuma, kwa sababu Bibi hakuwa mpiga ramli. Alichimba, akaosha, akakupa, akakuambia uende kwenu. Nikamwambia Yeremia nakwenda kumsalimia Bibi. Nilitembea siku mbili.

Alifurahi kuniona. Kwa kuwa nilikuwa mke wa mjukuu wake, utani wetu ulikuwa kwamba mimi na yeye tumeolewa na mtu mmoja.

"Kamwene, mke mwenzangu!" alipaza sauti kutoka mlangoni. "Umekuja kuniambia mume wetu amekufukuza?"

"Kamwene, Bibi. Hajanifukuza. Amenituma nije nione kama bado uko hai, apunguze mawazo."

"Mwambie niko hai na meno yangu manne. Ananila moyo huyo mtoto. Mbona haji?"

"Shamba, Bibi."

Huo ulikuwa uongo mdogo. Mkubwa ulikuwa unakuja. Tulikula, na baada ya kula nikamwambia nina kikohozi kinachonisumbua, nataka kitu cha kukituliza.

Alinitazama. "Wewe?"

"Mimi."

"Hebu kohoa."

Nikakohoa. Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Unakohoa kama mbuzi anayedai chumvi! Kina muda gani hicho kikohozi chako?"

"Wiki mbili."

"Unatoa jasho ukilala?"

"Hapana."

"Umepungua?"

"Hapana, Bibi, si unaniona."

"Kuna damu?"

Hapo nilichelewa kujibu. Siku nne kabla ya kuondoka Mdandu nilikuwa nimefua kitambaa cha Yeremia kwenye kijito, na maji yalikuwa yamebadilika rangi kidogo, rangi ya chai hafifu. Nilijiambia ni udongo. Nikamjibu Bibi, "Hakuna."

Ninakuomba uone jambo hili vizuri, mwanangu. Maswali yale manne ndiyo yaliyokuwa dawa yake. Mzizi ulikuwa kitu cha mwisho. Mwanamke yule hakujua kusoma, hakuwahi kuona chupa ya hospitali, lakini alikuwa na maswali manne, na kama ningemjibu kweli hata moja tu, angevaa shuka lake akaja Mdandu akamshika mjukuu wake mkono akampeleka hospitali mwenyewe. Nalijua hilo kwa sababu baadaye aliniambia.

Akaingia ndani, akatoka na mizizi iliyokauka, myembamba kama vidole vya mtoto. Sitakutajia jina la mti wenyewe. Akaifunga kwa uzi wa gome, akapiga mafundo matatu.

"Sikiliza. Huu haufukuzi ugonjwa. Unafunga koo tu, ili mtu alale na kifua kipumzike. Nawapa wazee wanaokaribia kwenda, nao wanakwenda kwa amani. Wewe nakupa kwa sababu wewe ni mke mwenzangu na unanichekesha. Mafundo matatu ni siku tatu. Siku ya nne, kama bado unakohoa, unitupie mizizi hii mtoni, uje tutafute kingine au uende kwa hao wenye sindano. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema siku ngapi."

"Tatu."

Nilimpa Yeremia mzizi ule kwa siku kumi na tisa.

Niliuchemsha, nikaukausha, nikauchemsha tena na kuuongeza mwingine, mpaka maji yakawa meusi na machungu kiasi kwamba alikunywa akiwa ameziba pua. Na kikohozi, mwanangu, kikanyamaza. Siku ya pili tu kikawa kama mtu aliyefungiwa chumba cha pili. Siku ya tano hukukisikia kabisa. Yeremia alilala usingizi mzito, akaamka macho yamelegea, akasema anajisikia mwepesi. Akaanza kuimba polepole akiwa anapasua kuni. Nilikuwa ndani nikisonga ugali, nikaacha mwiko, nikalia kwa furaha. Niliamini nimemponya. Sikuona kuwa anaendelea kupungua. Sikutaka kuona. Jasho lilikuwa lile lile, suruali ilihitaji kamba fupi zaidi, lakini sauti ilikuwa imerudi, nami sauti ndiyo niliyoijali.

Tabita akaolewa Lupembe. Wiki iliyofuata tukaondoka kwenda Makambako.

Sasa turudi kwenye uzio wa matete. Usifikiri sisi peke yetu ndio tuliokuwa na siri. Katika mstari ule kila mtu alikuwa na dawa yake. Kulikuwa na mmoja wa Makete, mwembamba kama ufito, aliyekunywa vibuyu viwili vya uji mfululizo ili mizani imkubali, akawa anasimama amebana miguu huku wenzake wakimtania.

"Usicheke, mwenzetu, ukicheka tu utapungua kilo mbili!"

Mwingine alijipaka samli mwili mzima ang'ae. Mwingine alitafuna kitu kichungu cha kumtia macho makali. Mbele ya Yeremia alisimama kijana wa Lupembe jina lake Lutengano, mcheshi, aliyegeuka akamwambia, "Kaka, mimi nimekula vitunguu saumu vichwa sita. Dresa akinisogelea atanipitisha haraka nimwondokee." Wakacheka wote wawili. Ndivyo walivyofahamiana.

Dresa alikuwa mtu wa makamo, kwa lafudhi yake mtu wa pwani, amevaa sweta juu ya kanzu yake nyeupe ya kazi kwa ajili ya baridi yetu. Kabla hajaanza alisimama mbele ya mstari akasema kwa sauti kila mtu asikie, sisi wanawake pia:

"Mwenye kikohozi aseme. Hatumfungi mtu. Hatumchapi. Atapewa kitanda Njombe, atapewa maziwa, atachomwa sindano za kifua, akipona aje tumwandike. Mkificha hapa, hamnifichi mimi."

Hakuna aliyesema. Nilimwona Yeremia akigeuza uso kunitafuta. Nilitikisa kichwa. Ndiyo, mwanangu. Alinitazama akiniuliza, na mimi nilimjibu kwa kichwa hiki hiki unachokiona leo kikiwa cheupe.

Zamu yake ilipofika, dresa alimwekea mpira wake wa kusikilizia kifuani, akasikiliza mbele, akasikiliza nyuma, akarudi mbele. Alimwambia avute pumzi mara nyingi kuliko wengine. Akamwambia akohoe. Yeremia akajaribu, haikutoka isipokuwa hewa. Dresa akamnusa mdomo, akakunja uso.

"Umekunywa nini?"

"Uji, Bwana."

Akakumbuka, nadhani, sura yake. "Wewe ulikuja hapa. Nilikupa karatasi."

"Ndiyo, Bwana. Nilipona."

Dresa akatazama huku na huku akaniona kwenye uzio, kwa kuwa Yeremia alishindwa kuyazuia macho yake yasinitafute. Akaja mpaka pale. Hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali.

"Mama, huyu ni mumeo?"

"Ndiyo, Bwana."

"Amekunywa dawa gani? Niambie tu. Sitamfukuza, nataka kujua ninachosikia ni kifua chake au ni dawa."

Kibuyu kilikuwa kimegusa mbavu zangu, bado cha moto moto. Nilihisi joto lake nilipojibu.

"Hajanywa dawa. Ni uji tu."

Nyuma yake mstari ulikuwa mrefu, na karani alikuwa anamwita. Akapumua, akarudi, akaandika. Yeremia akapewa blanketi na kipande. Akaja mbio kwenye uzio akiwa amelitupia blanketi begani kama chifu, akanishika vidole kupitia matete, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tena kwa binadamu yeyote.

"Umeniponya," alisema. "Nikirudi nitakuja nayo kichwani mwenyewe, cherehani. Sitaiweka kwenye lori."

Nikampitishia kibuyu. Wakapanda lori, yeye na Lutengano wakajibana pamoja kwenye kona ya nyuma chini ya blanketi moja kwa ajili ya baridi. Lori likashika njia ya Iringa. Ukungu ulikuwa mzito, hata halikuchukua muda kupotea.

Barua haikuja. Nilijiambia kuna shida ya mtu wa kuandika. Nilipalilia, nikavuna, nikapanda tena. Halafu siku moja, mchana wa jua kali, akaja mtu mwembamba kwa njia ya chini, akisimama kila hatua chache kushika magoti. Sikumtambua hadi aliposema jina lake. Alikuwa Lutengano wa Lupembe. Alikuwa na blanketi mbili. Moja ilikuwa ya mume wangu.

Nilimpa maji. Aliyanywa, akayakohoa, akafuta mdomo, akanisimulia. Kibuyu kilikwisha Dodoma, kabla hata hawajapanda treni. Ndani ya treni kikohozi kilirudi, si kile nilichokijua bali kikubwa mara kumi, kana kwamba kilikuwa kinakusanya nguvu siku zote zile kilipofungiwa. Walipofika shambani alifanya kazi siku nane. Akalazwa katika hospitali ya huko, na daktari akauliza ameanza lini kuumwa, na Yeremia akamwambia ameanza njiani, kwa hofu ya kurudishwa bila kitu. Mpaka mwisho hakumwambia mtu kweli. Walimzika huko huko, Korogwe, mahali ambapo mimi sijawahi kufika na sasa sitafika.

"Tulikuwa tunalala wote," Lutengano alisema. "Blanketi zetu tulizishona pamoja. Alikuwa kama ndugu yangu, shemeji. Aliniimbia nyimbo zenu zote."

Kisha akakohoa tena, kwa muda mrefu, ameinama. Nilijua kikohozi kile. Ningekijua kati ya vikohozi elfu. Alipoinuka, machozi ya kukohoa yakiwa mashavuni, aliniuliza kitu ambacho bado kinaniuliza hadi leo.

"Shemeji, ile dawa ya kibuyu. Umebakiwa nayo kidogo? Alikuwa ananisifia mno. Nataka nirudi tena Makambako kupimwa."

Sikumpa. Nilimwambia twende Kifanya, kwa Bibi aliyetoa dawa ile. Tulitembea siku nne safari ya siku mbili, kwa sababu kila kilima kilikuwa kinamshinda. Bibi alituona kutoka mbali. Hakupaza sauti. Alimtazama Lutengano jinsi alivyokuwa anashika magoti, akanitazama mimi, akatafuta nyuma yetu mtu wa tatu ambaye hakuwepo.

Nilipiga magoti uani nikamwambia yote: kikohozi kilikuwa cha nani, kilikuwa na muda gani, jasho, suruali, rangi ya maji kijitoni, siku kumi na tisa. Nilimjibu maswali yake manne, mwaka mzima baada ya kuniuliza.

Hakulia mbele yangu. Aliketi chini taratibu kama mtu anayetua mzigo mzito, akanyoosha miguu. Aliponiita hakuniita mke mwenzake.

"Mama," alisema, kama unavyomwita mwanamke usiyemfahamu. "Mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza, Bibi."

"Kikohozi ni mtoto anayelia. Mtoto analia ili usikie. Wewe ulichukua mkono wangu mimi ukamziba mtoto mdomo. Mkono wangu. Nilimlea baba yake kwa mkono huu. Yeye nilimpokea kwa mkono huu."

Hakuongeza neno juu ya hilo, siku ile wala siku nyingine. Akamgeukia Lutengano, akamuuliza maswali yake yote manne, na kijana akajibu kweli yote. Bibi akamwambia, "Kwangu huna dawa. Ukinipenda, usilale hapa. Nenda hospitali leo, jua lingali juu. Na ukifika waambie kila kitu ulichowahi kumeza, hata vitunguu."

Kijana akacheka, maskini, na kicheko kikamletea kikohozi. Alikwenda, na mimi nilimsindikiza. Alipewa kitanda na maziwa na sindano, kama vile dresa wa Makambako alivyokuwa ameahidi. Yeremia angevipata hivyo hivyo, akiwa na nguvu zake, akiwa bado na mbavu zake nzima. Kwa Lutengano muda ulikuwa umekwenda. Alipita baridi mbili. Katika baridi ya tatu nilikwenda na maziwa nikakuta kitanda kimetandikwa upya, na kuna mtu mwingine.

Bibi hakuchimba mzizi tena. Watu walikuja Kifanya, wenye meno, wenye matumbo, mama wasio na maziwa, na yeye aliwaambia amesahau. Hakuwa amesahau. Alikuwa akiwaangalia wakishuka kilima mikono mitupu, na walikuwa wanateseka kwa vitu vidogo ambavyo angeviondoa kwa siku moja. Alipofariki, alikwenda na yote aliyoyajua, kwa sababu binti pekee ambaye angemfundisha nilikuwa mimi. Kwa hiyo usiniulize idadi ya watu niliowaua. Wawili nawajua kwa majina.

Nimeishi miaka mingi baada ya hapo. Tanganyika ilipata uhuru, nikaolewa tena, nikazaa, nikazika. Sikupata amani, na sikudanganyi kwamba iko njiani. Watu huniambia kwamba nilikuwa mdogo, kwamba nilimpenda. Yote ni kweli na hayanisaidii. Ninapopita Makambako leo naona stendi imejaa watu wenye vichupa na vifuko: cha nguvu, cha tumbo, cha mgongo, cha kikohozi. Naona vijana wananunua bila kuulizwa swali hata moja, na wanakunywa wakiwa wamesimama, kisha wanapanda basi. Moyo wangu unakwenda nao. Siwezi kuwazuia. Sidhani hata wewe naweza kukuzuia. Lakini nikikaa kimya nitakuwa nimenyamaza mara ya tatu, na mara mbili zilinitosha.

Basi haya ndiyo niliyonayo. Asali kunywa, mwanangu, na mkaratusi jifukize, na mizizi ya wanaoijua usiidharau. Lakini ukipewa siku tatu, ziwe tatu. Dawa inayokuondolea maumivu upesi, jiulize imeyaondoa au imeyaficha, na kama mwili unaendelea kupungua usiisikilize sauti inayosema umepona, hata kama sauti hiyo inaimba vizuri. Usimeze kitu ili umdanganye mtu anayekupima, maana anayedanganyika si yeye. Usichukue dawa kwa jina la mwingine. Na mtu akikuuliza umekunywa nini, awe bibi wa kijijini mwenye meno manne au daktari mwenye miwani, mwambie. Mwambie hata kama kuna posa, hata kama kuna lori linangoja, hata kama mumeo anakutazama kwa macho ya kuomba. Sema neno hilo moja. Mimi lilikuwa mdomoni mwangu na sikulisema.

Nenda sasa, kabla ukungu haujashuka barabarani. Mungu akulinde kifua chako na cha unayelala naye. Akupe watu wa kukuuliza maswali, na akupe ulimi usioogopa kuwajibu. Akuzeeshe kuliko alivyonizeesha mimi, na uzee wako uwe mwepesi. Amina.